Sindano Ndani ya Sanduku la Chaki

Kiwalani,
30 Novemba 2024

Mwanangu Anjelina,

Sindano ya kufumia ninayo mimi. Ile mliyoitafuta siku ya kuanua matanga ya mama yako, mkapekua kabati, mkakung'uta magodoro, hadi shangazi yenu akatangaza kwamba marehemu amekwenda nayo. Ilikuwa kwenye sanduku langu la chaki, chini ya kiti, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kiti hicho nikinywa uji wenu. Nimeificha miezi tisa. Leo nakuletea. Imo ndani ya kopo la dawa, humo humo kwenye bahasha. Mwambie ndugu yako Fredrick asije akaikalia.

Unajua masikio yangu yamefunga duka. Simu naiona tu ikitetemeka mezani kama mende aliyelala chali. Kwa hiyo tutaandikiana. Ndugu yako anasema kwa kuwa kazi yake iko Mikocheni na analala hapa kwangu, kukufikia Tegeta Jumatano na Jumamosi si taabu. Alivuta uso aliposema hivyo, lakini nilimfundisha hesabu, siogopi uso wake.

Ameniandikia kwenye ubao kwamba kigango chenu kinatangazwa kuwa parokia Jumapili ya Tokeo la Bwana, tarehe tano Januari, na askofu anakuja kutabaruku altare mpya. Na kwamba kitambaa cha altare alichoahidi mama yako, ambacho mliondoka nacho baada ya msiba, bado kina upungufu wa karibu mita moja. Na kwamba huyo Bi Yustina wa kamati ya mapambo amekupa siku za mwisho.

Usikitoe kwa fundi. Kimalize wewe.

Lipo jambo la pili nililolificha, zito kuliko sindano. Nitalisema kitambaa kikishatandikwa altareni, si siku moja kabla. Niliapa. Daktari anasema moyo wangu sasa unafanya kazi kwa hisani tu, hivyo nakuomba ufume haraka kidogo.

Baba yako,
Kornelio


Tegeta,
4 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri na dawa umekunywa wewe, si maua ya dirishani.

Nimelia, nikacheka, nikakasirika, yote kabla chai haijapoa. Miezi tisa! Shangazi alimtilia shaka hadi mtu wa jeneza. Lakini sikulaumu. Miaka hamsini na mitatu ya ndoa, kama ulitaka kubaki na kitu alichokishika kila siku, nani wa kukuuliza? Nimeishika nami. Imelika upande mmoja pale kidole kinapokaa, na kibonde chenyewe ni kipana. Sikuwahi kujua mama alikuwa na kidole kipana hivyo.

Ila Baba, unaniomba jambo gumu. Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa? Nilinyofoa uzi kwenye sweta ya Fredrick, nikamfuata mama barazani, nikamwambia nifundishe. Akanitazama mikono. Akasema, "Mikono yako mizito, Anjelina. Nenda kasome." Nikaja mlangoni kwako nikilia, nawe ulikuwa umejifungia unasahihisha mitihani.

Basi nimesoma. Mwaka wa ishirini na tisa huu ni muuguzi. Kichanga wa siku mbili nampata mshipa mara ya kwanza, madaktari wananiita waking'ang'ana. Lakini kila nikivaa glavu nalisikia lile neno. Mishono ya mnyororo na nguzo nilijifunza kwa wauguzi wenzangu, wodi ikiwa imetulia, kwa kujificha mama asijue. Nina vitambaa sita kabatini ambavyo hakuwahi kuviona. Mtu mzima mimi, naficha vitambaa kama sigara.

Sasa Yustina. Jumapili baada ya Misa kanishika mkono mbele ya watu: "Mama Noela, tarehe nne Januari saa nne asubuhi kitambaa kiwe sakristia. La sivyo tunachukua cha Kariakoo, cha plastiki, hata nta haikigandi, unapitisha dasta tu." Nikamwambia nakimaliza mwenyewe. Akacheka hadi kilemba kikalegea. "Marehemu alikuwa na mikono ya dhahabu. Wewe mwenzetu una mikono ya sindano za matako!"

Baba, ahadi ni ya mama, na mama hayupo. Nisipoimaliza, jina lake litatajwa kwa "angekuwepo." Nikiiharibu, litatajwa kwa mikono yangu. Na hata nikitaka kuanza, ruwaza yake siijui. Alikuwa akiibeba kichwani?

Jua la kiangazi limeshaanza. Noela amefunga chuo, yuko nyumbani anapaka watu kucha na singeli inagonga ukuta. Baba yake yuko uani na redio zake mbovu. Zimefika kumi na moja, hakuna hata moja inayosema. Kila mtu hapa ana mchezo wake, mie tu ndiye natetemeka mbele ya uzi.

Mwanao,
Anjelina


Kiwalani,
7 Desemba 2024

Mwanangu,

Hakuibeba kichwani. Ruwaza iko kwenye daftari la hesabu, lile lenye visanduku, nalo Fredrick amekukabidhi pamoja na barua hii. Zimebaki kurasa kumi na mbili, kila ukurasa mistari kumi. Mistari mia na ishirini. Una siku ishirini na saba.

Isome hivi. Mstari mmoja wa visanduku ni mstari mmoja wa kufuma. Kisanduku cheupe ni tundu: nguzo moja, vitanzi viwili, kisha nguzo inayofuata. Kisanduku kilichopakwa wino kimezibwa: nguzo tupu, zimesimama bega kwa bega. Anzia chini kwenda juu. Ukigeuza kitambaa, geuza na macho: mstari mmoja unasoma kulia kwenda kushoto, unaofuata kushoto kwenda kulia. Wanaokosea wengi hukosea hapo.

Ukiona umbo linalofanana na kichana kilichovimba, ni suke la mtama. Duara zilizorundikana ni zabibu.

Usivute uzi kama unafunga gunia. Uache upite juu ya kidole cha shahada, kidole cha kati kiushike kwa adabu tu. Mikono ikitoka jasho, na mwezi huu itatoka, pakaa unga wa muhogo kidogo.

Habari ya mikono mizito nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, nikavua miwani. Siwezi kuijibu sasa.

Baba yako,
Kornelio

Sista, ni mie Fredrick naongeza hapa chini. Mzee kaniambia nisifungue bahasha na mie sijafungua, ilikuwa haijagundishwa. Siku hizi anakula vizuri. Kila Jumatano na Jumamosi anavaa shati la kola kusubiri barua yako. Mie nimegeuzwa posta, lakini endelea.


Tegeta,
14 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimefuma mistari thelathini na nataka kuitupa yote.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Nilitoka kazini, nikakaa uani karibu na baba Noela, yeye na redio, mie na uzi, hatusemeshani, raha tupu. Ukurasa wa kwanza nilikaribia kuumaliza nikiimba. Kisha nikaona ukingo unaingia ndani. Nikasema ni macho. Jana nikakitandika mezani: Baba, kimekatika pembe kama ukosi wa shati. Suke la pili la mtama halina kichwa kabisa. Nimehesabu visanduku, viko thelathini kwenye daftari. Nimejitahidi. Kila mstari unazidi kuwa mfupi na sijui ninapopungukiwa.

Na Yustina akaja leo asubuhi bila hodi. Eti kupeleleza tu. Akakiinua kwa vidole viwili kama nepi. "Mama Noela, askofu atafikiri altare yetu imepinda." Noela akamjibu kutoka ndani, "Shikamoo Mama Yustina, kucha zako zimeng'oka rangi, pita nikupake!" Akaondoka, lakini alikuwa anacheka, na kicheko chake kimebaki humu ndani hadi sasa.

Nakuuliza jingine. Kwenye pambizo za daftari kuna namba, na kila saba ina mkanda katikati kama saba zako. Mama aliandika hivyo?

Na hiyo ya unga wa muhogo, na uzi kupita juu ya kidole. Wewe mwalimu wa hesabu umeyajulia wapi?

Labda alisema kweli, Baba. Labda ni mizito.

Anjelina


Kiwalani,
18 Desemba 2024

Anjelina,

Si mizito. Umesahau moja.

Visanduku thelathini, kila kimoja nguzo tatu, zinakuwa tisini. Lakini tazama ukuta wa uzio: nafasi tatu zinahitaji mihimili minne. Lazima uwepo wa mwisho wa kufungia. Visanduku mara tatu, jumlisha moja. Tisini na moja. Wewe kila mstari unaishia tisini, ukigeuza unaanza na pungufu, na pungufu inazaa pungufu. Wanafunzi wangu wote wa kidato cha pili walianguka hapo hapo, na leo baadhi yao ni wahandisi.

Kwa maelezo yako, kosa limeanzia mstari wa tisa. Minane ya kwanza ni salama. Fumua ishirini na miwili.

Najua inauma. Fumua hivyo hivyo. Uzi haukumbuki kosa. Ukishafumuliwa unakuwa uzi tu.

Kuhusu saba: mama yako hakwenda shule, hilo unalijua. Namba alijifunzia kwangu, mezani, wewe ukiwa mgongoni mwake. Kuhusu kidole na unga: nimekaa nyumba moja na kazi hii miaka hamsini na mitatu. Macho yangu si ya mbao.

Nilianguka kidogo Jumatatu. Fredrick atakuambia ni kubwa, usimsikilize. Nimelala upande wa dirishani, naona embe za jirani zinavyoiva. Krismasi njoo na kitambaa.

Baba yako,
Kornelio


Tegeta,
21 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Fredrick kaniambia ni kubwa.

Nimefumua. Nilifunga macho, nikavuta, ikalia trrr kama zipu. Noela akapiga yowe kuliko mie. Kisha nikaanza upya na tisini na moja, na ukingo umenyooka, Baba! Umenyooka kama rula yako!

Sasa tuna utaratibu. Noela anashika daftari, ananisomea kwa mdundo wa singeli, "Tundu tundu ziba! Tundu ziba ziba! Jumlisha mojaaa!" na baba yake anagonga bisibisi kwenye redio. Majirani wanafikiri tuna sherehe. Jana tulitoa mistari tisa. Tisa kwa siku moja!

Sikupata usingizi nikifikiria ulivyojua ni mstari wa tisa bila kukiona. Ulikuwa wa tisa kweli.

Anjelina


Tegeta,
28 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Tulifika salama siku ile ya Krismasi, na pilau ya Fredrick tuliimaliza njiani.

Sitaki kukuchosha, lakini lazima niliandike hili. Nilipokuwekea kitambaa mapajani, hukuvaa miwani. Ulifumba macho. Vidole vikatambaa juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, vikarudi kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na siku zote vidole vyako hutetemeka hata kikombe hukishiki, lakini pale vilitulia. Noela aliacha kutafuna. Kisha vikasimama. Ukaomba ubao, ukaandika: "Hapa umeziba penye tundu. Mstari wa hamsini na moja."

Nilipofika nyumbani nikahesabu. Ulikuwa wa hamsini na moja.

Noela kaniuliza ndani ya gari, "Mama, babu amejuaje?" Nikamwambia babu ni mtu wa hesabu. Akasema, "Mama, hiyo siyo hesabu."

Baba, ulikuwa unafanya nini ulipokuwa unasahihisha mitihani?

Imebaki mistari hamsini na mitatu. Nimeomba likizo ya wiki moja.

Anjelina


Kiwalani,
1 Januari 2025

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya.

Swali lako nimelisoma. Niliapa, na niliyemwapia hayupo wa kunifungua. Fuma.

Moyo umenipa siku mbili mbaya na leo nzuri. Nimeuambia ungoje hadi tarehe tano, halafu tutazungumza.

Kikiisha kioshe kwa maji baridi, kitie wanga wa muhogo mwepesi, ukibane kwa pini juu ya godoro hadi kikauke. Pini kila baada ya vidole vitatu. Usikipige pasi juu ya zabibu. Zitalala na hazitaamka.

Baba yako


Tegeta,
5 Januari 2025, Jumapili jioni

Baba yangu!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Kimetandikwa!

Ngoja niende kwa mpangilio, maana Fredrick amekaa hapa na viatu vyake vya harusi anasema nisipomaliza kabla hajashusha soda ananiacha.

Nguzo ya mwisho niliifuma Ijumaa saa tano asubuhi. Tisini, nikasimama, Noela akapaza sauti, "Jumlisha moja!" nikaifunga. Nikaosha, nikatia wanga, nikabana pini, godoro tukalitoa uani kwenye jua. Baba Noela aliacha redio zote akakaa na fimbo akifukuza kunguru kama analinda benki. Saa moja tu kikawa kimekauka, kimekakamaa, kila tundu linaonyesha jua.

Jumamosi saa nne kamili nikawa sakristia. Yustina alikuja na futi ya kupimia! Akapima urefu. Akapima upana. Akapita ukingo wote na ukucha wake. Akainama hadi pua ikagusa. "Hii siyo ngano," akasema. "Altareni ni ngano na zabibu. Huu si mtama huu?" Nikasema ndiyo, mtama, marehemu ngano hakuwahi kuilima. Padre alikuwa nyuma yetu, mtu wa Newala, akacheka akashika tumbo: "Mama Yustina, kwetu mtama ndio uliotulea. Tandika!"

Yule mama akanigeukia, akanishika mikono yote miwili, akaipindua kama anatafuta kitu. "Ndiyo mikono ya sindano za matako hii?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema, "Basi nichome hata mie," na akanikumbatia hadi nikasikia mifupa.

Leo sasa. Altare ilikuwa tupu, jiwe jeupe. Askofu akavua joho, akakunja mikono ya kanzu, akaipaka altare yote mafuta kwa viganja, pembe kwa pembe, kanisa zima linanukia. Ikafutwa. Kisha padre akasoma kwenye kipaza sauti: "Kitambaa cha altare, kazi ya mikono ya marehemu Genoveva, iliyomaliziwa na binti yake Anjelina." Baba, akina mama wanane tulikibeba kutoka mlangoni, tunacheza, hatua mbili mbele moja nyuma, vigelegele hadi feni zikawa hazisikiki. Mie nilikuwa mbele kulia. Tulipokishusha kikaanguka chenyewe mahali pake, na ukingo ukanyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Askofu alipitisha kiganja juu ya mtama. Fredrick alilia waziwazi na anaikataa habari hii hapa mezani.

Baada ya Misa nilirudi peke yangu mbele. Nilitaka kuona pale mkono wa mama ulipoishia na wangu ulipoanzia. Nimetafuta, Baba. Nimepiga magoti nikatafuta kwa vidole kama ulivyofanya wewe. Sikuona. Ni mkono mmoja.

Nilitamani tu awepo aone kwamba si mizito.

Sasa tarehe tano imepita. Sema.

Mwanao,
Anjelina


Kiwalani,
8 Januari 2025

Mwanangu, mama yangu Anjelina,

Nimeandika barua hii kwa siku tatu, aya moja asubuhi, moja jioni. Barua yako ya Jumapili Fredrick alinisomea kwa kuiweka mbele ya macho yangu na kunishikia miwani. Nilipofika kwenye futi ya Bi Yustina nilicheka hadi akataka kumwita daktari. Nimeshinda, Anjelina. Sijui mtu mwingine aliyelala kitandani Kiwalani leo mwenye furaha kama yangu. Sasa sikiliza.

Nikiwa na miaka kumi na saba nilivunjika mguu, nikalala miezi minne hospitali ya misheni. Sista mmoja mzee alikuwa anawapa wagonjwa uzi na sindano wasije wakachanganyikiwa kwa kukaa. Wenzangu walifuma mistari miwili wakaacha. Mimi niliona ni hesabu inayoshikika. Nilipotoka alinipa ile sindano. Nikaificha ndani ya soksi, maana kuliko kijana wa Masasi aonekane anafuma vitambaa, bora auvunje na mguu wa pili.

Mwaka sabini nikaoa. Unajua desturi ilivyokuwa kwa wake za walimu. Bibi harusi huja na vitambaa alivyofuma mwenyewe, na wiki ya tatu mama mkwe anafika na wanawake wa kanisa kukagua sebule: cha kiti, cha meza, cha redio, cha mtungi. Mama yako alikuwa yatima aliyelelewa na mjomba, na utoto wake wote alishika jembe. Hakuwa na kitambaa hata kimoja. Alinieleza akiwa amesimama katikati ya sebule tupu, halii, anasema tu, "Mwalimu, watanirudisha." Nikatoa soksi sandukuni. Nikamwambia funga mlango, ukiulizwa, ninasahihisha.

Nilifuma vitambaa sita kwa siku kumi na tisa. Mama yangu, ambaye jina lake unalo wewe, aliinua kile cha mtungi, akakigeuza, akaanza kucheza. Wakacheza wote. Mama yako akanitazama kupitia mabega yao, na tokea siku hiyo hapakuwa na njia ya kurudi.

Usidhani alikaa bure. Michoro ilikuwa yake. Aliona maumbo mahali ambapo mimi niliona visanduku. Kitambaa hiki mimi nilitaka ngano, kama ya kitabu cha yule Sista. Akaniambia, "Mwalimu, Mungu wa kwetu anajua mtama." Nami nikapaka wino. Alikuwa akikaa barazani na sindano wageni wakija, akizungusha uzi ule ule, akipiga soga hadi hakuna aliyetazama vidole. Wakiondoka tunacheka, tunaziba midomo kwa hivyo hivyo vitambaa. Ilikuwa ndoa nzuri. Wanawake waliomwomba awafundishe aliwaambia shangazi yake alimwekea mwiko.

Kisha ukaja wewe, miaka tisa, na uzi wa sweta.

Hakuwa na jibu, Anjelina. Mwiko wa shangazi usingekutosha wewe, ungeuliza shangazi gani. Akashika neno la kwanza lililomjia, na lilikuwa neno alilowahi kuambiwa yeye na mke wa mjomba wake. Ukaja mlangoni kwangu. Nilikuwa nimekaa na kitambaa cha ubatizo wa Fredrick magotini, uzi umezunguka kidole hiki hiki. Nilikusikia unalia. Wakati ule masikio yalikuwa mazima. Ningeweza kufungua mlango. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Nasahihisha."

Jioni ile mama yako alitaka akuambie. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilikuwa nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu na niliogopa kuchekwa. Yeye alikubali kwa ajili yangu, na baadaye, jina lake lilipokuwa kubwa, mimi nilikubali kwa ajili yake. Kila mmoja alimlinda mwenzake, na wewe ukabaki nje ya mlango miaka arobaini na mitatu.

Alipougua aliniapisha. Alisema, "Kitambaa kikishapokelewa altareni, mwambie mtoto. Kabla ya hapo hapana, wasije wakakirudisha." Kisha akafa, na mimi nikabaki na mikono inayotetemeka na kitambaa kisichokwisha. Na hata ningeweza kufuma, kitambaa cha marehemu kingeongezekaje urefu chenyewe? Nikaficha sindano. Nilihofu mtu mwenye kidole chembamba ataishika na kujua.

Ulinishangaza ulipoandika kwamba nawe ulificha vitambaa sita kabatini. Sita, kama vyangu. Vitoe. Vitandike kwenye makochi. Mkaribishe Bi Yustina akae juu yake. Noela naye mfundishe mchana, mlango ukiwa wazi, na baba yake akitaka kujifunza mwache aache redio.

Uliandika kwamba ulipiga magoti ukatafuta pale mkono wa mama yako ulipoishia na wako ulipoanzia, usipaone. Hungepaona. Mkono uliokutana nao pale ni wangu, na wako umeuzidi. Mstari wa mwisho nilipoushika kwenye picha aliyoipiga Fredrick, hata kwenye kioo cha simu, nilijua.

Sindano baki nayo. Kibonde kile kipana ni cha kidole changu.

Hakukunyima, mwanangu. Aliyekuwa na mikono mizito nyumbani kwetu ni yeye peke yake. Mama yako hakujua kufuma.

Baba yako,
Kornelio